Shajara ya trekta dogo la Tengeru: kulinganisha injini za dizeli mwaka kwa mwaka

Januari, mwanzo wa mradi

Tunatafuta trekta dogo la dizeli lenye nguvu za farasi kati ya 15 na 25. Lipite katikati ya mistari ya parachichi bila kuvunja matawi, lifyeke majani, lizungushe rotaveta kwenye vitalu vya mboga, na livute tela la ndizi hadi barabarani siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Shamba letu ni ekari 4 kwenye miteremko ya Meru, udongo mweusi wa volkano. Trekta kubwa la kukodi linalima vizuri kule juu kwenye mahindi, lakini likiingia kwenye mboga linashindilia udongo mpaka karoti zinatoka zimepinda. Kwenye parachichi haliingii kabisa. Bajeti ni shilingi milioni 16 pamoja na kulisafirisha kutoka Dar.

Naandika kila hatua kwa sababu majirani kadhaa wanasubiri kuona tutakachonunua, na kwa sababu wauzaji hukutajia vitu vitatu tu: mwaka, rangi na saa zilizo kwenye mita. Ukiuliza injini unaambiwa "ya Kijapani, haifi." Injini ndiyo tunayolipia. Bodi ikipinda inanyooshwa na mchomeleaji yeyote hapa Usa River, ila injini ya silinda tatu ikila ringi inaweza kumeza faida ya msimu mzima.

Januari, kujifunza kusoma kibati

Kabla ya kwenda kuona trekta lolote nilikaa na fundi wangu tukaandika jinsi ya kusoma majina ya injini yaliyo kwenye kibati chake. Yeye aliyajua kwa mazoea ya kazi, mimi nikayapanga kwenye daftari.

Kwa Kubota, herufi ya kwanza inaonyesha idadi ya silinda: Z ni 2, D ni 3, V ni 4. Namba zinazofuata ni ukubwa wa injini kwa kukadiria. Z482 ina cc 479, D722 ina cc 719, D1105 ina cc 1123. Yanmar wanafanya vingine: 3TNV76 ni silinda 3, familia ya TNV, tundu (upana wa silinda) la milimita 76. Wachina wanakaribia mtindo huo, maana S195 ya pawatila (trekta la magurudumu mawili la kushika kwa mikono) ni silinda 1 yenye tundu la milimita 95, na ZS1100 ni silinda 1 yenye tundu la milimita 100.

Hili lilitusaidia papo hapo, kwa sababu jina lililo kwenye boneti halikuambii aliyetengeneza injini. John Deere ndogo nyingi za dizeli zina Yanmar ndani. Massey Ferguson ndogo nyingi zimetengenezwa na Iseki wa Japani, na New Holland ndogo nyingi zinatoka kwa Shibaura. Matrekta mawili ya rangi moja, yaliyopishana miaka mitano, yanaweza kuwa na injini zisizochangia hata gasketi moja. Tangu siku hiyo tangazo likinijia kwenye simu jibu langu ni lile lile: naomba picha ya kibati cha injini, iwe karibu, namba zisomeke.

Februari, Kubota B7000

Hili lilikuwa hapa hapa Arusha, kwa mzee mmoja anayestaafu kilimo cha maua. Ni la miaka ya 1970, silinda 2, cc 750 hivi, farasi 13 au 14, linasukuma magurudumu yote manne. Liliwaka mara moja. Mlio wake ni ule wa silinda mbili, mzito, unausikia mpaka kifuani. Moshi ulikuwa mwembamba na ulikatika baada ya dakika chache.

Mita ilisoma saa chache mno kwa umri ule, na hapo fundi akanieleza jambo ambalo sikuwahi kusikia kwa muuzaji yeyote. "Mama, saa za hii si saa za ukutani." Kwenye matrekta mengi ya zamani mita ya saa huendeshwa na kebo moja na ile ya mzunguko wa injini. Inahesabu saa moja kamili pale tu injini inapozunguka kwa kasi ya kazi iliyowekwa kiwandani. Ikiachwa inanguruma kwa nusu ya kasi hiyo kwa saa mbili, mita inaandika moja. Mita za umeme za matrekta ya baadaye zinahesabu muda halisi, hata likiwa limesimama linasubiri watu wapakie ndizi. Kwa hiyo saa 1,500 za mwaka 1978 na saa 1,500 za mwaka 2008 ni vipimo viwili tofauti, na kuvilinganisha ana kwa ana ni kujidanganya.

Nililipenda trekta lile. Ni chuma kitupu, halina umeme wa kusumbua, kila kitu kinaonekana ukifungua boneti. Lakini farasi 13 kwenye mwinuko wetu hazitoshi kuzungusha rotaveta kwenye udongo mzito wa masika. Hewa inapungua kadiri unavyopanda, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Shamba letu liko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo upungufu unakaribia asilimia 13 au 14. Farasi 13 zinabaki 11 na kidogo. Nimeshukuru, nimeaga.

Februari, pawatila

Hapa sitakaa sana. S195 ina cc 815 na hutoa farasi 12 kwa mizunguko 2,000 tu kwa dakika, kasi ya chini inayoipa maisha marefu. Vipuri vyake vinapatikana kila mahali, na tangu miaka ile ya Kilimo Kwanza kila kata ina kijana anayejua kuifungua. Kwa mpunga wa Mbarali au Mombo ningeichukua bila kufikiria. Kwetu kuna mteremko, na anayeishika pawatila mchana kutwa kwenye mteremko ni mume wangu, mgongo wake ukiwa na historia. Imetoka kwenye orodha.

Machi, BX tatu na injini mbili

Kaka yangu yuko Dar na amenitafutia matrekta matatu ya Kubota, familia ya BX, yaliyoletwa yakiwa yametumika Uingereza. Ni matrekta mafupi, karibu kilo 600 bila loda, magurudumu manne yote yanavuta, gia ni za haidroliki za kukanyaga. Yako hivi: BX2200 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, BX2350 ya miaka michache baadaye, na BX2360 ya mwaka 2010. Bei inapanda kwa kufuata mwaka, na tofauti kati ya la kwanza na la mwisho inatosha kununua rotaveta na tela.

Nilichotaka kujua ni kimoja: hiyo tofauti ya bei inanunua nini ndani ya injini?

BX2200 ina D905. Tundu ni milimita 72, pistoni inasafiri milimita 73.6, jumla cc 898, farasi 22. BX2350 ina D905 hiyo hiyo, imetiwa nguvu ikafika farasi 23. BX2360 ina D902: tundu milimita 72, mwendo milimita 73.6, cc 898, farasi 23. Kwa karatasi ni injini moja. Nusura nipitie haraka, mpaka fundi alipoweka kidole kwenye namba ya mwisho ya kibati.

D905 inatoka kwenye familia ya D1005, D1105 na V1505, injini ambazo Kubota wamezifunga kwenye jenereta, mashine za kuchomelea, taa za barabara zinazojengwa na makatapila madogo. D902 ni ya familia ndogo zaidi, ile ya Z482 na D722, na ni nyepesi kuliko D905 kwa kilo kama 20. Cc zinafanana kabisa, bloki hazifanani. Ukiagiza gasketi ya silinda hedi kwa kutaja cc peke yake, unaweza kuletewa kitu kisichokaa.

Zote mbili hazichomi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Dizeli inapulizwa kwanza kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi, inachanganyika na hewa inayozunguka humo, kisha moto unashuka. Faida yake ni mlio wa upole. Gharama yake ni kwamba asubuhi ya baridi lazima upashe zile plagi ambazo mafundi wanaziita hita, na mgandamizo wa hewa ndani ya silinda uwe mkubwa, kati ya 22 na 24 kwa 1. Ndiyo maana injini hizi ringi zikichoka kidogo tu zinagoma kuwaka asubuhi ya Julai hapa Meru, hata kama mchana zinafanya kazi vizuri.

Swali langu lililofuata: kwa nini wabadilishe injini ambayo haikuwa na tatizo? Jibu ni moshi, na jibu hilo linaeleza mengi kuhusu miaka ya matrekta haya yote.

Machi, sheria za moshi za nchi nyingine na dizeli ya kwetu

Marekani waliweka viwango vya moshi kwa injini za mashine hatua kwa hatua. Mwaka 2008 kiwango kipya kilizigusa injini ndogo za chini ya kilowati 19, na watengenezaji wengi wakasafisha familia zao za injini wakati huo. Mwaka 2013 ukaja mkali zaidi, lakini kwa injini za kuanzia kilowati 19, yaani farasi 25 na nusu hivi. Juu ya mstari huo wengi walilazimika kufunga chujio la masizi kwenye ekzosi na mfumo wa kompyuta wa kupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa. Chini ya mstari huo pampu ya kawaida iliendelea kuruhusiwa. Ndiyo sababu kuna matrekta mengi mapya ya farasi 24 na pointi kadhaa. Ulaya nao walichelewa kugusa injini za chini ya kilowati 19 mpaka 2019.

Kwa mkulima wa Tengeru hili lina uzito mkubwa. Chujio la masizi linataka dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki tangu 2015 ni sehemu 50. Dizeli ya 50 ni safi sana ukilinganisha na tuliyokuwa tukinunua zamani, na injini kama D905 au D902 inaifurahia. Lakini trekta la farasi 28 la mwaka 2016 lenye chujio halikutengenezewa dizeli hiyo, na chujio likiziba unahitaji kompyuta ya kulisoma. Kaka alinitumia moja zuri, linang'aa, bei imeshushwa. Nikamjibu hapana, na sababu nikamwandikia kwa kirefu kwa sababu najua atawatumia na wengine.

Kwa hiyo matatu yote ya BX yamepita hapa. Yako chini ya mstari, pampu ni ya mitambo, hakuna kompyuta ya injini. Ndani ya kundi hili mwaka mpya hauleti matatizo ya chujio. Kilichobaki ni hali ya injini yenyewe na nani ataitengeneza.

Machi, nani ataitengeneza

Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Ukanda huu wa Arusha na Kilimanjaro unasafirisha maua, maharage machanga na parachichi kwa malori ya baridi. Mashine za kupoza za Carrier nyingi zinaendeshwa na injini za Kubota, na za Thermo King zina Yanmar. Fundi wa malori ya baridi aliye karibu na njia ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA ameshafungua D1105 mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Nikamwonyesha picha ya D905. Akacheka, akasema, "Hii ni mdogo wake. Filta nakupa leo."

Aliniandikia vinavyoingiliana na visivyoingiliana. Filta, baadhi ya mikanda, hita na vitu vingi vinavyofungwa nje ya bloki anaweza kuvipata Arusha au Gerezani, Kariakoo. Pistoni na ringi hapana, maana tundu la D1105 ni milimita 78, hizo zitaagizwa kwa namba ya D905 yenyewe. Kwa D902 alisema ni injini nzuri, ila huku kwetu anaziona mara chache, na vipuri vyake angeniagizia Nairobi au Dubai.

Aprili, Dar, kupima mgandamizo

Nilishuka Dar na fundi wangu na geji ya mgandamizo ya dizeli, ile inayofungwa kwenye tundu la hita. Geji ya petroli haifai, itapasuka. Niliwaomba wauzaji wasiwashe injini kabla hatujafika, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha ugonjwa wa kuwaka asubuhi. Kwanza tuliwasha kila moja ikiwa baridi tukaangalia moshi. Kisha tukaiacha ipate moto wa kazi, tukaizima, tukakata dizeli, tukatoa filta ya hewa, tukafunga geji na kuzungusha kwa stata, betri ikiwa imejaa.

BX2350 iliondoka mapema. Tulipofungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, ilikuwa inapumua, moshi unatoka kwa mapigo, yaani mgandamizo unavuja kupita ringi. Hatukuhitaji hata geji.

BX2360 ya 2010, saa 640 kwenye mita. Ndiyo iliyokuwa safi kwa macho, kiti kizima, rangi haijapauka. Silinda ya kwanza bari 32, ya pili 31, ya tatu 27. Tukarudia, 27 tena. Kitabu cha karakana cha Kubota kinataka silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10, na hapa tofauti ilipita 15. Fundi akatia oili kidogo kwenye ile ya tatu, tukapima, ikapanda hadi 31. Ikipanda kwa oili, mgandamizo unapita kwenye ringi. Ingekuwa valvu, oili isingesaidia. Akafuata bomba la hewa kutoka kwenye filta, akapitisha kidole upande wa chini, akakikuta kimepakwa vumbi. Bomba lilikuwa na ufa mahali pasipoonekana ukisimama mbele. Trekta lilivuta vumbi bila kuchujwa, na vumbi linakula ringi kwa masaa machache sana. Muuzaji alikuwa mkweli, hakujua, na alishukuru kuonyeshwa.

BX2200, ya zamani kuliko zote, saa 1,870. Kiti kimechanika, boneti imefifia, taa moja haipo. Silinda ya kwanza bari 31, ya pili 30, ya tatu 31. Bomba la hewa lilikuwa jipya, lina alama ya kalamu ya mtu aliyeandika tarehe alipolibadilisha. Filta ya hewa nayo iliandikwa tarehe. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi yake, hayana kutu. Fundi alichomoa kijiti cha oili, akasugua oili kati ya vidole, akanusa, akaninyooshea kijiti bila kusema kitu.

Zile tarehe zilizoandikwa kwa kalamu zilinigusa. Kuna mtu huko Uingereza ambaye simjui, aliyelitunza trekta hili kwa miaka mingi, na sisi tunavuna uangalifu wake.

Aprili, uamuzi

Tumenunua BX2200. Farasi 22 kwenye mwinuko wetu zinabaki 19. Kwenye shafti ya nyuma inayozungusha rotaveta, ambayo kiwandani hutoa 17 hivi, nimepiga hesabu ya kama 14 na nusu, kwa hiyo rotaveta ni ya mita 1, si pana zaidi. Fedha iliyobaki baada ya kuacha la 2010 imenunua hiyo rotaveta, na tela dogo linachomelewa hapa hapa.

Mume wangu aliuliza kama hatutajuta kuchukua la mwaka wa nyuma wakati jipya lilikuwa ndani ya uwezo. Nilimwonyesha ukurasa wa vipimo: 31, 30, 31 upande mmoja, 32, 31, 27 upande wa pili. Aliusoma, akaenda kupima upana wa njia ya kupitisha tela.

Mei, trekta liko shambani

Kabla ya kazi yoyote tumemwaga oili yote ya injini na ya haidroliki, tumeweka filta mpya za oili, dizeli na hewa. Filta ya haidroliki haikufanana na chochote cha malori ya baridi, ililetwa na kaka kutoka Dar. Gia hizi za kukanyaga zinaishi kwa oili safi, na hapo sitabana matumizi. Tumepima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa: kitabu kinasema milimita 0.145 hadi 0.185. Mbili zilikuwa zimebana, zimerekebishwa.

Siku ya kwanza ya rotaveta tulianza kwenye kitalu cha sukuma wiki. Kwenye udongo wenye unyevu wa kiasi lilipita bila injini kushuka kasi. Upande wa chini, kwenye tope, ilibidi kupita mara mbili, kwanza juu juu kisha kwa kina. Matairi yake ni ya nyasi, yanateleza mteremko ukiwa umelowa. Natafuta ya kilimo yenye meno, na nimeshapewa vipimo vya rimu.

Asubuhi zimeanza kuwa na ukungu. Kwa hita za sekunde 10 linawaka mara ya kwanza. Julai ndiyo itakayotuambia zaidi.

Geji ya mgandamizo iko kwangu. Jirani wa upande wa mto anakwenda kuona Yanmar ya silinda tatu huko Moshi wiki ijayo, na nimemwandikia kwenye karatasi: picha ya kibati kwanza, awaombe wasiiwashe kabla hajafika, apitishe kidole ndani ya bomba la hewa. Fundi ataenda naye.